Maboresho au Onyo? Istilahi za Kiswahili katika Taarifa za Matoleo Mapya ya Seva za Mafaili

1.0 Utangulizi

Kila toleo jipya la programu ya kompyuta huandamana na taarifa fupi inayoeleza mambo yaliyoongezwa, yaliyorekebishwa na yaliyoondolewa. Kwa kawaida taarifa za aina hii huchukuliwa kuwa ni mali ya mafundi peke yao. Hata hivyo, kwa mtazamo wa kiisimu, taarifa hizo ni matini zenye muundo wake na zenye jukumu zito: humjulisha msomaji kama anaweza kungoja au kama anapaswa kuchukua hatua siku hiyo hiyo.

Makala hii inachunguza namna dhana zilizomo katika taarifa hizo zinavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili. Mfano wa msingi ni taarifa ya toleo la 9.8 la OpenSSH, programu huria iliyo na seva ya kupokelea na kutolea mafaili kwa njia salama. Toleo hilo lilitoka tarehe 1 Julai 2024. Mazingira yanayotumiwa kupimia istilahi ni mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ulio zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam. Katika mji ulio mbali kiasi hicho, mtu mmoja aghalabu hutunza kompyuta za ofisi nzima, na humlazimu kuwaeleza wakuu wake na wenzake kwa Kiswahili jambo alilolisoma kwa Kiingereza.

Hoja ya makala ni kwamba neno moja, "maboresho", limebebeshwa dhana nne zilizo tofauti. Msomaji anapoambiwa kwamba kuna "maboresho", hawezi kujua kama ameletewa zawadi au ameonywa.

2.0 Usuli

Utaratibu wa kwanza wa kuhamishia mafaili kwenye mtandao uliandikwa na Abhay Bhushan, aliyekuwa katika chuo cha MIT huko Marekani, mwezi Aprili 1971. Utaratibu huo, unaojulikana kwa kifupi FTP, ulipata sura yake iliyodumu mwezi Oktoba 1985 katika waraka wa Jon Postel na Joyce Reynolds. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba jina la mtumiaji na nywila husafiri wazi, bila kufichwa, na yeyote anayeweza kuisikiliza njia anaweza kuvisoma.

Mwaka 1995 Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Tekinolojia cha Helsinki, alibuni SSH baada ya mtandao wa chuo chake kushambuliwa na watu walionasa nywila. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa OpenSSH mwaka 1999, na ndani yake mna seva ya SFTP, yaani ya kuhamishia mafaili kwa njia iliyosimbwa fiche. Kwa upande wake FTP iliongezewa kinga ya usimbaji kwa waraka wa mwaka 2005.

Kwa upande wa Kiswahili, jitihada za kuileta kompyuta katika lugha si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Baadaye kampuni ya Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows. Kazi hizo zilimlenga zaidi mtumiaji wa kawaida, yule anayefungua, anayehariri na anayehifadhi. Mtunza seva alibaki na istilahi za Kiingereza, au na neno la jumla la Kiswahili linalofunika kila kitu.

3.0 Dhana nne ndani ya neno moja

Taarifa ya OpenSSH 9.8 haichanganyi mambo. Inatenga usalama, mabadiliko yanayoweza kuvuruga matumizi ya awali, vipengele vipya, na marekebisho ya kasoro za kawaida. Kila fungu humtaka msomaji atende jambo tofauti.

3.1 Kipengele kipya ni uwezo ambao programu haikuwa nao. Asiyeuhitaji anaweza kuupuuza bila hasara.

3.2 Marekebisho ya kasoro huondoa jambo lililokuwa likienda kombo. Katika Kiingereza kasoro hiyo huitwa kwa jina la mdudu. Tafsiri sisisi ya "mdudu" haikushika mizizi katika Kiswahili, na si ajabu, kwani mzungumzaji hupata picha ya kitu kilichoingia kutoka nje, ilhali kasoro hutokana na mwandishi wa programu mwenyewe. "Kasoro" na "hitilafu" yanafaa zaidi, ila inapendekezwa yatenganishwe: kasoro iwe katika programu, na hitilafu iwe ni matokeo yanayoonekana kwa mtumiaji. Kasoro moja huweza kuzaa hitilafu nyingi, na nyingine huweza kukaa miaka bila kuzaa hitilafu yoyote.

3.3 Uzibaji wa udhaifu wa usalama ni dhana ya tatu. Udhaifu ni kasoro ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuitumia. Kila udhaifu ni kasoro, lakini si kila kasoro ni udhaifu. Hapa ndipo neno "maboresho" linapopotosha zaidi, kwa maana humfanya mkuu wa ofisi adhani kwamba kilichokuwa kizuri kimefanywa kizuri zaidi, hali ukweli ni kwamba mlango ulikuwa wazi na sasa umepatikana ufunguo wa kuufungia.

3.4 Mabadiliko yasiyooana na ya awali ni dhana ya nne. Jambo lililokuwa likifanya kazi jana halitafanya kazi leo, au litafanya kwa namna nyingine. Katika toleo la 9.8, kwa mfano, aina ya zamani ya saini za kidijitali iitwayo DSA ilizimwa katika ujengaji wa kawaida wa programu, kisha ikaondolewa kabisa katika toleo la 10.0 la Aprili 2025. Aliyekuwa akitumia ufunguo wa aina hiyo hakuboreshewa chochote. Alitakiwa atengeneze ufunguo mwingine.

4.0 Kasoro iliyorejea

Udhaifu mkuu uliozibwa katika toleo la 9.8 una historia inayodai istilahi yake. Seva humpa anayebisha hodi muda wa kujitambulisha, kwa kawaida sekunde 120. Muda ukiisha kabla hajajitambulisha, kengele ya ndani hulia na kuikatiza seva katikati ya kazi yoyote iliyokuwa ikiifanya. Endapo kazi hiyo ni ya kugawa kumbukumbu, na endapo hatua zinazofuata kengele nazo zinagusa kumbukumbu hiyo hiyo, mshambulizi aliyepima nyakati kwa uangalifu anaweza kupenya. Katika majaribio ya maabara kwenye kompyuta za biti 32, ilichukua kwa wastani saa 6 hadi 8 za kubisha hodi mfululizo.

Kasoro hiyo haikuwa mpya. Iliwahi kuzibwa mwaka 2006. Mwezi Oktoba 2020 kipande kidogo cha msimbo kilichokuwa kinga kiliondolewa kwa bahati mbaya, na kuanzia toleo la 8.5 la mwaka 2021 mlango ukawa wazi tena katika mifumo ya Linux inayotumia maktaba ya glibc. Kampuni ya Qualys ndiyo iliyoigundua na kuitangaza mwaka 2024.

Kuiita kasoro hii "kasoro mpya" ni kosa, na kuiita "kasoro ya zamani" nako hakutoshi, kwani baina ya mwaka 2006 na 2020 haikuwapo. Kiswahili kina kitenzi "rejea", na kutokana nacho yanaweza kuundwa maneno "kasoro rejevu" kwa kasoro yenyewe na "mrejeo wa kasoro" kwa tukio. Istilahi hii ina faida ya kumkumbusha mtunza seva jambo la kimatendo: kuziba leo si dhamana ya kesho, na kila toleo linapaswa kusomwa taarifa yake hata kama lililotangulia lilikuwa salama.

Dhana nyingine inayojitokeza hapa ni tofauti baina ya "toleo" na "kiraka". Kiraka ni kipande cha msimbo kinachobandikwa mahali penye tundu bila kubadilisha vazi zima. Mfumo wa Debian 12, kwa mfano, ulibaki na OpenSSH ya toleo la 9.2 lakini ukatiwa kiraka cha udhaifu huu. Anayetazama namba ya toleo peke yake atadhani seva hiyo iko hatarini, na kumbe imezibwa. Hata hivyo neno "kiraka" lina walakini kidogo. Katika mazungumzo ya kila siku humaanisha suluhisho la kushikizia, na katika michezo humaanisha mchezaji anayejaza nafasi yoyote inayopwaya. Mkuu wa ofisi anayeambiwa kwamba seva imetiwa kiraka anaweza kuona ni heri kungoja "kitu kamili". Kwa sababu hiyo istilahi ifaayo katika ripoti ni "kiraka cha usalama", na kitenzi chake kiwe "kuziba", ambacho hutaja matokeo badala ya kifaa.

5.0 Nani anayezuiwa?

Toleo la 9.8 lilileta kipengele kipya cha kuadhibu: seva huzuia kwa muda anwani ambazo mara kwa mara zinashindwa kujitambulisha, au zinazobisha hodi bila kukamilisha hatua za kuingia. Kipengele hiki huanza kufanya kazi bila kuombwa, na ndiyo maana waandishi wa taarifa walikitaja pia katika fungu la mabadiliko yanayoweza kuvuruga. Waliwatahadharisha hasa watunzaji wa seva zinazopokea watumiaji wengi waliojificha nyuma ya anwani moja.

Tafsiri ya kawaida ingekuwa: "Mteja anayeshindwa kujitambulisha mara nyingi atazuiwa." Sentensi hii ni sahihi kisarufi lakini inapotosha. Neno "mteja" liko katika ngeli ya kwanza, nayo hutawala upatanisho wa watu na viumbe hai. Wasikilizaji wa Tanzania wamelizoea hasa kupitia simu, ambako mteja ni mtu. Basi msomaji ataelewa kwamba anayezuiwa ni karani mmoja aliyesahau nywila yake.

Ukweli ni kwamba kinachozuiwa ni anwani. Katika ofisi ya halmashauri au chuo mjini Songea ambako kompyuta zote hutoka nje kwa anwani moja, karani mmoja anayekosea nywila asubuhi anaweza kuwafungia njia wenzake wote kwa muda. Mtunza seva aliyesoma "mteja" atamtafuta mkosaji mmoja, asijue kwamba dawa ni kurekebisha mipangilio au kuiingiza anwani ya ofisi katika orodha ya zinazosamehewa.

Upatanisho wa kisarufi, kwa hiyo, si pambo. Inapendekezwa dhana tatu zitenganishwe: "mtumiaji" kwa mtu, katika ngeli ya kwanza, "programu teja" kwa programu inayoomba huduma, katika ngeli ya tisa, na "anwani" kwa mahali inapotoka. Sentensi iliyo salama ni: "Anwani ambayo inashindwa kujitambulisha mara nyingi itazuiwa, pamoja na programu teja zote zinazoitumia." Ni ndefu zaidi, lakini haiachi nafasi ya kukisia.

Tatizo la aina hii lipo hata katika neno "seva" lenyewe, ambalo hutaja mashine na programu kwa pamoja. Inaposemwa kwamba "seva imebadilishwa", mhasibu huweza kuuliza fedha za kununulia mashine zilitoka wapi. Panapokuwa na shaka, yafaa kusema "programu ya seva" au "mashine ya seva".

6.0 Kuhamisha, kukatika na kuendeleza

Kitenzi "kuhamisha" nacho kinahitaji kutazamwa. Shina lake ni "hama", na maana yake ya msingi ni kuondoka mahali na kwenda kukaa pengine. Katika ofisi za Tanzania faili la karatasi hutunzwa masjala. Likipelekwa kwa mkuu wa idara, halipo tena masjala, na daftari huonyesha lilikokwenda. Karani mwenye mazoea hayo akiambiwa kwamba faili "limehamishwa" kwenda Dar es Salaam, ana haki ya kuamini kwamba Songea halipo tena. Kumbe seva za FTP na SFTP hupeleka nakala, na faili la awali hubaki pale pale. Matokeo yake huweza kuwa kinyume cha usalama: mafaili yenye taarifa za watu hubaki katika kompyuta iliyoyatuma, huku mwenye dhamana akidhani yameondoka. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika mwezi Mei 2023, jambo hilo limekuwa na uzito wa kisheria pia.

Baadhi ya waandishi hupendelea "kuhawilisha", kitenzi kilichoenea katika maneno kama "uhawilishaji wa tekinolojia" na "uhawilishaji fedha" wa mpango wa TASAF. Hata hivyo fedha ikihawilishwa nayo huondoka kwa mtoaji, kwa hiyo tatizo halijatatuliwa. "Kupeleka nakala ya faili" ndiyo kauli inayosema kinachotokea. Panapohitajika istilahi moja, "uhamishaji" unaweza kubaki kwa sababu umekwisha kukubalika, lakini maelezo ya kwanza katika mwongozo wowote hayana budi kutaja kwamba nakala ya awali hubaki.

Dhana ya pili ni ya kuendelea baada ya kukatika. Songea haikuunganishwa na gridi ya Taifa mpaka njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipokamilika mwaka 2018. Kabla ya hapo mji ulitegemea jenereta za dizeli. Kwa watu waliofanya kazi katika mazingira hayo, uwezo wa seva kuendeleza faili lililokatika katikati ulikuwa haja kubwa. FTP ina amri yake kwa kazi hiyo, na programu teja ya SFTP katika OpenSSH ina amri za reget na reput.

Maelekezo ya Kiswahili hutumia "endelea" kwa kubonyeza kitufe chochote cha kusonga mbele, na pia kwa dhana hii. Inapendekezwa dhana ya sasa iitwe "kuendeleza palipoishia", na itofautishwe na "kuanza upya". Basi la Songea likiharibika Makambako, abiria hawarudishwi Songea ili safari ihesabiwe kuwa moja. Huendelea kutoka walipofika. Hata hivyo pana tahadhari moja ambayo neno peke yake haliwezi kuibeba. Ikiwa faili la awali limebadilishwa baada ya kukatika, kuendeleza palipoishia huunganisha nusu ya faili moja na nusu ya jingine, na kinachopatikana ni faili bovu.

7.0 Ritifaa na majina ya mafaili

Yamkini msomaji atauliza kama kuna rekebisho lolote la seva linaloigusa tahajia ya Kiswahili moja kwa moja. Lipo. Tahajia sanifu hutumia herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada, na kwa sababu hiyo majina mengi ya mafaili ya Kiswahili hupita katika seva yoyote. Jambo la kipekee ni ritifaa katika "ng'", kama katika "ng'ambo" na "ng'ombe". Ritifaa iliyonyooka imo katika seti ya zamani ya ASCII. Lakini programu za kuandikia mara nyingi huigeuza yenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo haimo katika seti hiyo na ambayo katika usimbaji wa UTF-8 huchukua baiti tatu badala ya moja.

Matumizi ya UTF-8 katika FTP yalipendekezwa kwa waraka wa mwaka 1999. Seva isiyoyazingatia huonyesha badala ya ritifaa alama tatu zisizo na maana, na faili linaloitwa kwa jina lake sahihi husemekana halipo. Kwa hiyo taarifa ya toleo inapotaja rekebisho la majina yenye herufi zilizo nje ya ASCII, mtunza seva wa Kiswahili asiliruke akidhani linawahusu Wafaransa na Wachina tu.

8.0 Vigezo na mapendekezo

Kibuuka B. Kiingi alipendekeza vigezo vya kuundia istilahi vinavyojulikana kwa kifupi PEGITOSCA, na miongoni mwake ni usahihi, iktisadi, uangavu na kukubalika. Mifano iliyojadiliwa inaonyesha kwamba vigezo hivyo huweza kushindana. "Maboresho" lina iktisadi na limekubalika, lakini halina usahihi. "Mteja" lina uangavu, lakini uangavu wake unaelekeza pasipofaa. Katika matini za usalama, inapendekezwa usahihi utangulie vigezo vingine.

Aidha, Kiswahili kina hazina yake katika mnyambuliko. Jozi za funga na fungua, ziba na zibua, simba na simbua zinampa mtunga istilahi kitendo na kinyume chake kwa shina moja. Anayejifunza neno moja huwa amejifunza mawili, na uwiano huo hauna budi kutunzwa: usimbaji usipewe kinyume kilichokopwa kutoka kwingine.

Kwa muhtasari, taarifa ya toleo jipya kwa Kiswahili iwe na vichwa vinne: Uzibaji wa Udhaifu, Mabadiliko Yasiyooana, Vipengele Vipya, na Marekebisho ya Kasoro. Mpangilio huo nao una maana, kwani kinachodai hatua ya haraka kinatangulia, na kinachoweza kungoja kinafuata.

9.0 Hitimisho

Mwezi Mei 2023 udhaifu katika programu ya kuhamishia mafaili iitwayo MOVEit Transfer ulitumiwa na wahalifu kuiba mafaili ya mashirika zaidi ya 2,000 duniani. Tukio hilo linaonyesha kwamba seva ya mafaili ni ghala, na taarifa ya toleo lake jipya huweza kuwa ndiyo hodi ya mlinzi. Lugha inayoita hodi hiyo "maboresho" humwacha mwenye nyumba usingizini. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, wanaistilahi wamekuwa na kazi kubwa katika uwanja huo. Uwanja wa seva ni mdogo kuliko huo, lakini mahitaji yake ni yale yale: neno limwambie msomaji ni nini kilichotokea, kimempata nani, na anapaswa kufanya nini.